Pini ya Mashini ya Gatete

Mwamini, mwanangu,

Sitakuandikia habari za chandarua. Wala za maji ya kuchemsha, wala za kufunga mlango, wala za nani usikae naye. Hayo shangazi yako ameyasema tangu Jumatatu hadi masikio yamechoka, na ninavyokujua, utakuwa umeyasahau yote kabla gari halijapita Kigwena. Mimi nina neno moja tu, na nimeshindwa kulisema tangu wiki iliyopita. Juzi nilikuita jikoni. Ukaja, ukasimama mlangoni, ukauliza, "Nini, Mama?" Nikakwambia unipe chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Basi naandika. Wewe umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na nyinyi wawili mkikutana hammalizi upesi. Nimekaa hapa kizingitini, mgongo ukutani, jua bado liko juu ya ziwa, na daftari ni lako lile la mwaka wa sita, nimelikuta lina kurasa nyeupe. Usinicheke mwandiko. Nimechoka, mama. Si uchovu wa leo. Ni ule wa kubeba kitu kimoja miaka mingi bila kukitua, na sasa mkono umekufa ganzi hata sijui nitakituaje.

Ni habari ya zile karatasi zako mbili.

Wiki iliyopita ulirudi kutoka Kabonga kuangalia mahali pako pa kazi. Tulipomaliza kula ulitandaza karatasi mkekani. Ya kwanza ni ile ya mafunzo, mliyochorewa vipandio vinne. Ukanieleza kwa kidole: hapa ekipe, kikundi cha kazi, inazaliwa, hapa inagombana, hapa inatulia, hapa inafanya kazi yenyewe. Na pembeni, shefu, kiongozi wao, anatakiwa awe vipi kwenye kila kipandio: kwanza aonyeshe na kuamuru, kisha aeleze na kusikiliza, kisha akae kati yao, mwisho awaachie. Ulisema na Kifaransa chake, nami nikaitikia "ehe, ehe" kama niliyeelewa. Kusema kweli nilielewa kuliko ulivyodhani. Nilikuwa natazama ile karatasi kama mtu anayeonyeshwa picha yake aliyopigwa bila kujua.

Karatasi ya pili ilikuwa majina ya wanawake kumi na wawili utakaowaongoza kwenye mashini ya mawese, na mbele ya kila jina, kazi yake. Uliyasoma moja moja. Ulipofika la saba ukasimama.

"Mama, huyu si Mama Furaha? Yule wa vidole?"

Nikasema ndiye.

"Haya. Huyu hamalizi wiki kwangu. Alichokufanyia sijakisahau."

Ukaikunja karatasi. Mimi nikachukua sahani nikaenda kuziosha, na zilikuwa zimeshaoshwa.

Neno lenyewe ndilo hilo, Mwamini. Ukifika Jumatatu ukamtoa Mama Furaha kazini, utakuwa umemtoa kwa uongo wangu. Mimi ndiye niliyeudanganya mji, na wewe nikakudanganya ukiwa na miaka sita, umeshika kitenge changu. Sasa nitakueleza yote tangu mwanzo, nawe unisikilize bila kunirukia, maana nikikatwa sitarudi tena.

Tulikuwa wanawake tisa pale Gatete. Mradi mmoja ulituletea mashini ya kukamua, ile ya mkono: ngoma kubwa ya chuma yenye matundu, parafujo nene katikati, na juu yake mti mrefu ambao watu wanne wanausukuma wakizunguka. Kilichoshika mti na parafujo visiachane ni pini moja, chuma nene kama kidole gumba changu, urefu wa kiganja. Ukiitoa, mti unazunguka bure na hata tone halitoki. Nilichaguliwa shefu kwa sababu moja tu: nilikuwa naweza kusoma maandishi yaliyoandikwa ubavuni mwa mashini. Ndiyo dipulome yangu hiyo.

Siku ya kwanza nilitaka kuwa shefu mwema. Nikawakalisha, nikauliza, "Jamani, mnaonaje, tuanze vipi?" Loo! Walinitazama tu. Sisi wa mtaa wa Waswahili tulikaa upande wetu, wa mlimani na Kirundi chao upande wao, na Mama Furaha, aliyevuka ziwa kutoka Kongo na mtoto mgongoni, alikaa katikati peke yake kwa kuwa hakuwa na upande. Adabu ilikuwa nyingi kupita kiasi. Kila mtu "pardo, samahani", kila mtu "anza weye". Ngazi, matunda ya michikichi, zikachemka pipani hadi maji yakaisha na za chini zikaungua, maana kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayeangalia moto. Tukarudi nyumbani tunanuka moshi, hatuna hata kikombe cha mafuta.

Kesho yake nikabadilika. Mtu asiyeijua kazi humuulizi anaonaje, unamshika mkono unamwonyesha. Weye hapa, weye pale, maji hadi kwenye mstari huu, moto usipite hapa, na kichwa cha mashini hagusi mtu ila mimi. Kikundi kimoja cha jirani kilikuwa kimesukuma mashini yao bila kupaka grisi na parafujo ikakatika wiki ya pili, kwa hiyo nilikuwa na sababu. Kila tukimaliza nilikuwa naitoa pini, naifunga kwenye pindo la kitenge, kiunoni, naenda nayo nyumbani. Na hapo nilikuwa sawa, Mwamini. Nataka ulijue hilo. Pini haikuanza na kiburi. Walinishukuru. Esperansi, yule mama mnene wa mlimani aliyekuwa anakuletea mapera, alikuwa anasema, "Murakoze, shefu, bila weye tungekatwa mikono."

Kwa hiyo nawe siku zako za kwanza usione haya kushika. Watu wageni kwenye kazi wanataka sauti moja inayojua. Nimeona wenye elimu kama yako wanaogopa kuitwa wakali, basi wanauliza uliza tu, na watu wanabaki wamesimama juani.

Halafu yakaja matata. Kwenye karatasi yako ni kimstari kidogo, lakini hicho kimstari kilinitoa nywele. Woga ulipokwisha, kila mtu akaonyesha meno. Nani anasukuma mti na nani anakaa kivulini anapukuta ngazi. Kwa nini amri zinatolewa Kiswahili wakati wengine ni wa Kirundi. Na kubwa zaidi, ile ya Ijumaa. Sisi Waislamu watano tulikuwa tukiondoka adhuhuri kwenda kuswali, pipa liko motoni, wale wanne wanabaki na moshi. Mwezi mzima walinung'unika kwa Kirundi, nami nilikuwa nasikia kila neno na kujifanya kiziwi.

Mimi ugomvi ulikuwa unanitisha. Nilikulia nyumba ambayo watu wakianza kupandisha sauti, mmoja anafungasha. Nikadhani ekipe ikigombana ndiyo inakufa. Kwa hiyo kila mtu akifungua mdomo nilikuwa nasema, "Basi, yaishe, tufanye kazi." Na hakuna kilichoisha. Kilihama tu, kikaenda kukaa tumboni mwa watu.

Aliyenitoa humo ni Mama Furaha. Ijumaa moja tumejifunga mitandio tunaondoka, akaweka mwiko chini, akasimama mbele ya njia, mikono kiunoni. Unaikumbuka sauti yake, ilikuwa inafika ziwani.

"Oya, leo hamupiti kama hatujasema," alisema. "Kila Ijumaa sisi ndiyo tuko na moto. Sisi tuko watumwa wa nani?"

Nikamwambia, "Mama Furaha, swala haingoji, yaishe."

"Haiishi! Weye kila siku yaishe, yaishe, na iko inaongezeka! Mimi sikatai muende kwa Mungu wenu. Nasema hivi: Ijumaa sisi tuchunge moto wenu, dimanche nyinyi muchunge wetu. Sisi nasi tuko na kanisa. Munataka ao hamutaki?"

Halafu Esperansi akaanza kucheka, tumbo likimtikisika, sote tukacheka, na mimi nilicheka huku nimekasirika, maana lilikuwa jambo la maana na halikutoka kwangu. Tangu siku ile mambo yakakaa. Wakapanga wenyewe zamu za mti, nani na nani, na aliye mja mzito asisukume. Sikuandika kanuni hata moja. Walijiwekea, na aliyeivunja walimzomea wenyewe kabla sijafika.

Kwa hiyo mwenye mdomo mrefu usimkimbilie kumtoa, mwanangu. Mara nyingine anasema kwa sauti kile ambacho kumi wanakisema chini chini. Hilo ningelijua kwa moyo kama nilivyolijua kwa akili, barua hii isingekuwepo.

Kisha zikaja siku nzuri. Yee, Mwamini, kulikuwa na siku nzuri! Nilikuwa nafika asubuhi nakuta moto umewaka, ngazi zimepukutwa, grisi imepakwa. Mama Furaha alikuwa anahesabu, moya, mbili, tatu, na wanne wanazunguka na ule mti kama mtu mmoja mwenye miguu minane. Mafuta yanashuka mekundu, mtu anasogeza ndoo bila kuambiwa. Watu walikuwa wanatoka Rumonge mjini kuja kutuangalia. Na mimi nilikuwa nasimama pembeni na pini yangu, naichomeka asubuhi, naitoa jioni. Ndiyo kazi iliyobaki.

Wale waliokuchorea vipandio wamesema shefu awaachie. Sawa. Lakini hawakuandika anavyojisikia. Mimi nilijisikia kama mgeni kwenye nyumba niliyoijenga. Niliona wivu, nakwambia wazi. Niliwaonea wivu watu niliowafundisha mwenyewe. Nikaanza kutafuta amri za kutoa: ndoo hii sogeza huku, hapana, irudishe kule. Nilikuwa nakuta wanacheka, nikifika wananyamaza. Nikirudi nyumbani nilikuwa nakwambia wewe mtoto wa miaka sita, "Wale bila mimi hawawezi kitu," na wewe ulikuwa unaitikia, "Ndiyo, Mama."

Siku moja Mama Furaha alinifuata kwenye ndoo za maji, akasema polepole, na yule hakuwa mtu wa polepole. "Mama Mwamini, ile chuma iache hapa, tuitundike kwa musumari. Siku moja utakuwa na mugonjwa, ao utakuwa na safari. Sisi hatuko wezi."

Nikamjibu, "Nani amekuambia umekuwa shefu?"

Akabeba ndoo yake akaenda. Hakulisema tena.

Sasa nafika mahali penyewe. Nimeinuka nimekunywa maji, nimerudi.

Mjomba wangu wa Kigwena alifariki. Nilipata habari jioni, alfajiri nikapanda gari. Ngazi zilikuwa zimepukutwa tangu jana yake, mapipa manne, na kila mmoja wetu alijua asubuhi ile zinachemshwa. Zikishachemka zinakamuliwa zingali na moto. Zikipoa mafuta yanagoma, zikilala zinachacha. Nilifika matangani, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, na nilipokaa tu kitu kigumu kikanichoma ubavuni. Nikapapasa. Ilikuwa pini.

Miaka yote nimesema niliisahau. Kutoka nyumbani, kweli niliisahau, nilijifunga kitenge cha jana gizani. Lakini pale mkekani nilikumbuka. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Pikipiki zilikuwa pale nje, madereva wamekaa wanapiga soga. Ningempa mmoja ile pini, angefika Gatete mapipa yakiwa bado yanatokota. Sikuinuka.

Na simu ikaita. Mama Furaha. Niliona jina lake. Ikaita hadi ikakatika, ikaita tena, ikaita mara ya tatu. Mwanamke aliyekaa kando yangu akasema, "Si upokee?" Nikasema, "Niko msibani, watangoja." Nikaigeuza kifudifudi. Na unajua moyoni nilikuwa nasema nini, wakati mjomba wangu anaoshwa chumba cha pili? Nilikuwa nasema, leo watanijua.

Ndivyo nilivyosema, Mwamini. Leo watanijua.

Walingoja hadi mapipa yakaanza kupoa. Halafu Mama Furaha akachukua kipande cha ferabeto, chuma cha kujengea kilichookotwa kwa jirani, akakichomeka mahali pa pini. Kilikuwa chembamba. Wakasukuma, kikashika kidogo, mafuta yakaanza kushuka, wakashangilia. Walipofika pale ngazi zinapokaza kikakatika. Mti ukarudi kwa nguvu, na mkono wake ulikuwa pale juu, anakishikilia kile chuma kisichomoke. Vidole viwili vya mkono wa kulia. Parafujo nayo ikapinda.

Nilirudi jioni. Alikuwa ameketi chini, mkono umefungwa kitambaa, anasubiri wa kumpeleka hospitali, mtoto wake analia. Wote wakanigeukia. Na neno la kwanza lililonitoka, mbele ya mtu aliyekuwa anavuja damu, lilikuwa hili: "Nani aliwapa ruhusa ya kugusa mashini?"

Mama Furaha alinitazama tu kiunoni.

Esperansi akauliza, "Shefu, pini iko wapi?" Nikasema iko nyumbani, kwenye nguo nyingine. Ilikuwa hapo hapo imenichoma mfupa. Nilivuta mtandio ukafunika pindo. Wiki ile ile watu wa mradi walikuja kuuliza, nikasimama, nikasema Mama Furaha ni mbishi, alikatazwa akakaidi, ameharibu mashini. Wenzangu wakatazama chini. Yeye alisema neno moja tu: "Nilipiga simu." Nikasema haikuita.

Ekipe haikumaliza mwezi. Karatasi yako ina vipandio vinne, cha tano hawakukichora, kile ambacho watu wanaachana. Wengine wanaachana kwa kupika pilau na kupeana mikono. Sisi hakuna aliyeaga. Leo hakuja huyu, kesho yule, kila mtu akarudi kwenye kinu chake nyumbani, na mashini ikaota kutu hadi ikauzwa chuma chakavu. Mama Furaha alihamia Kabonga. Na wewe uliponiuliza kwa nini hakuletei tena Furaha wa kucheza naye, nikakujibu, "Yule mama ametuharibia." Ulikuwa unatikisa kichwa chako kidogo kile, umeniamini kabisa. Umenitetea hadi leo. Sina cha kukulaumu, hayo niliyapanda mwenyewe ndani yako.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, sokoni Rumonge, miaka kama mitano imepita. Alikuwa anachagua vitunguu kwa mkono wa kushoto. Akaniona yeye kwanza. "Amahoro, Mama Mwamini," akasema. "Mutoto amekuwa mukubwa?" Nikamwambia nina haraka. Nilifika nyumbani nikakuta sikununua hata nilichokwenda kununua.

Sasa ulipoisoma ile orodha yako, mbele ya jina lake palikuwa na neno gani? Umesahau, mimi sikusahau. Wenzake wote wameandikiwa mashini, moto, kuchuja. Yeye ameandikiwa maji. Mwanamke aliyekuwa anajua kusikia parafujo kwa sikio tu kwamba sasa inakaza! Neno langu lilimfuata hadi Kabonga, kwamba yule ni mharibifu, asiguse mashini, na amechota maji miaka yote hiyo kwa mkono wa vidole vitatu. Nilipolisikia hilo neno "maji" likisomwa na sauti yako, nilisikia sauti yangu mwenyewe.

Nilitaka kukwambia pale pale. Nikaogopa. Nilikuwa naogopa uso wako tu, hakuna kingine. Umebaki wewe peke yako duniani unayeniona mimi ni mtu wa maana, na kesho unaondoka, na nilitaka uondoke hivyo hivyo ukiniona hivyo. Ona ugonjwa wenyewe bado ninao! Hata wewe nimekushikia pini. Ulipopata hii kazi nilikwambia subiri, Kabonga ni mbali, mpaka uko karibu, tafuta ya hapa hapa. Mbali gani? Gari moja tu. Sikuwa naogopea wewe. Nilikuwa nataka niwe mimi ninayekufungulia kila asubuhi.

Ukikasirika, kasirika. Usinipigie wiki, usinipigie mwezi, nitakaa nalo, nimestahili. Lakini hasira hiyo usiipeleke kwa yule mama.

Najua Jumatatu utakuwa shefu mgeni mbele ya watu wageni, na umefundishwa siku hiyo ushike, uonyeshe, usitetereke. Shika. Lakini kabla hujashika, nifanyie kitu kimoja. Ndani ya begi lako, chini kabisa, chini ya viatu vyeusi, nimeweka kifurushi cha kitenge cha kijani. Ni kile kitenge, na ndani yake ni ile pini. Haina kutu, nilikuwa naipaka mafuta, usiniulize kwa nini. Mashini yenu ni nyingine, najua haitaingia popote. Mpe hivyo hivyo. Nilimchafua mbele ya watu, kwa hiyo usimvute pembeni. Mpe wote wakiona, kisha kalamu yako ifute lile neno la maji na umweke kichwani pa mashini, mahali pake.

Msamaha usimwombee. Hiyo ni kazi yangu, nitakuja mwenyewe baada ya Idi nikakae mbele yake, akinifukuza nitafukuzwa. Ila siwezi kungoja hadi Idi, maana wewe unaanza Jumatatu.

Nawasikia mnakuja barabarani, shangazi yako anakucheka kwa kitu. Naikunja hii naitia kwenye begi kabla hujaingia. Kesho nitakusindikiza hadi kwenye gari na sitasema neno, nitakwambia tu ufunge dirisha kwa ajili ya vumbi. Ujue tayari nimeshasema.

Mama Furaha akikuuliza habari zangu, usimpambie. Mwambie pini ilikuwa kiunoni kwangu tangu asubuhi, na simu niliisikia.

Mama yako